Siri ya kampuni kubwa kugharimia programu zisizouzwa

MAMILIONI ya watu wanaotumia simu za mkononi aina ya Android, nchini Kenya na kwingineko, hawajawahi kulipa hata senti moja kwa ajili ya Linux, kiini cha mfumo unaoendesha simu hizo. Wengi wao hata jina lenyewe hawajalisikia. Hali kadhalika, anayefungua tovuti kulipia huduma au kusoma habari huenda asitambue kwamba seva inayomhudumia, huko iliko, mara nyingi inaendeshwa kwa programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzichunguza na kuzibadilisha bila kutoa ada.

Programu za aina hiyo huitwa programu huria. Tofauti yake na programu za kawaida za kibiashara iko katika msimbo, yaani maandishi ya maagizo ambayo mtaalamu huyaandika ili tarakilishi ipate kutenda kazi. Kampuni inayouza programu huuficha msimbo wake kama mpishi mchoyo afichavyo siri ya pilau yake. Katika programu huria, msimbo uko wazi kwa wote, na leseni inayoandamana nao humruhusu mtumiaji kuunakili, kuurekebisha na kuusambaza.

Swali linalowatatiza wengi ni hili: Ikiwa programu hizi haziuzwi, ni nani huwalipa wanaoziunda? Kwa miaka mingi jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba ni kazi ya vijana wa kujitolea, wanaokesha mbele ya tarakilishi kwa mapenzi tu. Jibu hilo lilikuwa na ukweli mwanzoni. Kwa zile programu kubwa zinazobeba biashara ya dunia, si kweli tena.

Linux yenyewe ni mfano mzuri. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland alipotangaza, mnamo Agosti 1991, kwamba alikuwa akiunda mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni iitwayo GPL, iliyobuniwa na Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka wa 1983. Leseni hiyo ina sharti moja zito: anayeuboresha msimbo na kuusambaza hana budi kuuachilia wazi vilevile, ili wengine nao wafaidi.

Miaka 26 baada ya tangazo la mwanafunzi huyo, wakfu unaosimamia maendeleo ya Linux ulitoa ripoti kuhusu watu wanaoiandika. Katika ripoti hiyo ya mwaka wa 2017, mabadiliko yaliyoletwa na watu wanaojulikana kuwa hawalipwi na yeyote yalikuwa takriban asilimia 8 pekee. Kampuni ya Intel peke yake ilikuwa imechangia takriban asilimia 13, nayo Red Hat asilimia 7. Mwezi Novemba mwaka huohuo, tarakilishi zote 500 katika orodha ya zile zenye kasi kubwa zaidi duniani zilikuwa zikiendeshwa kwa Linux.

Kwa maneno mengine, kitu kilichoanza kama uraibu wa kijana mmoja kimekuwa ajira ya maelfu, na mishahara yao hutoka katika hazina za kampuni ambazo nyingi ni mahasimu wa kibiashara.

Barabara moja, matatu nyingi

Ili kuelewa kwa nini mahasimu hao wachange, yafaa kufikiria barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa. Kampuni za mabasi hung'ang'ania abiria kwa udi na uvumba, lakini hakuna hata moja iliyo tayari kujitengenezea barabara yake. Gharama ingeimeza, na abiria hapandi basi kwa sababu ya lami. Faida iko katika basi, si katika barabara.

Hivyo ndivyo IBM ilivyopiga hesabu zake mwanzoni mwa karne hii. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingetumia dola bilioni moja kwa ajili ya Linux katika mwaka wa 2001 pekee. Wakati huo IBM ilikuwa na aina kadhaa za mitambo, na kila aina ilikuwa na mfumo wake uliohitaji jopo lake la wahandisi. Pesa zake ilizipata kwa kuuza mitambo na kuwahudumia wateja. Mfumo mmoja ulioweza kuendesha mitambo yote, na ambao gharama ya kuutunza iligawanywa miongoni mwa wengi, ulikuwa nafuu kubwa. Isitoshe, ulikuwa pia fimbo ya kumchapia Microsoft.

Ni hapa ambapo lile sharti la leseni ya GPL hudhihirisha umuhimu wake. Mfanyabiashara angeogopa kuchangia barabara ikiwa jirani yake anaweza kuamka asubuhi akaweka lango na kuanza kutoza ushuru. Leseni humhakikishia kwamba hakuna atakayeweka lango. Jambo ambalo watu wengi walilidhania kuwa ndoto ya wanaharakati liligeuka kuwa mkataba wa amani baina ya matajiri.

Sababu ya Intel ni rahisi zaidi. Kampuni hiyo huunda chembe zinazofanya kazi ya ubongo katika tarakilishi. Iwapo chembe mpya itafika sokoni kabla ya Linux kuitambua, mnunuzi wa seva atakwenda kwa mshindani. Kwa hivyo wahandisi wa Intel huandika msimbo huo mapema na kuukabidhi kwa wasimamizi wa Linux ili siku ya mauzo ifike kila kitu kikiwa tayari.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana nje ya karakana za wataalamu. Toleo jipya la Linux hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Kampuni iliyofanya mabadiliko yake na kukaa nayo peke yake hulazimika kuyapachika upya katika kila toleo, na kila mara hugundua kwamba kitu fulani kimehama mahali pake. Ni kazi ya kuchosha na yenye gharama kubwa. Yakikubaliwa na kuingizwa katika msimbo wa pamoja, mzigo huo hubebwa na wote.

Google iliyaonja hayo. Mabadiliko ambayo ilikuwa imeyafanya kwa ajili ya Android yaliondolewa katika Linux mwaka wa 2010 kwa sababu hayakuwa yakitunzwa ipasavyo humo. Kwa muda wa miaka miwili hivi Android na Linux zilikwenda njia mbili, hadi pale pande hizo zilipopatana na sehemu ya msimbo huo ikarejeshwa mwaka wa 2012.

Mshahara, basi, ndio msaada mkubwa kuliko wote. Si hundi inayokabidhiwa mbele ya wapigapicha. Ni mhandisi anayeajiriwa na kampuni fulani, analipwa kila mwezi, na kazi yake ni kuusoma msimbo wa wengine, kuukataa ulio mbovu, kujibu malalamiko na kuziba nyufa kabla wezi hawajaziona. Kazi ya aina hii haina sherehe. Akifa au akihama na asipopatikana mwingine, programu huanza kuoza taratibu.

Torvalds mwenyewe amepitia njia hiyo. Kuanzia mwaka wa 1997 aliajiriwa na kampuni ya Transmeta nchini Marekani, ambayo haikuwa muuzaji wa Linux. Mwaka wa 2003 alihamia shirika la OSDL lililokuwa likifadhiliwa na kampuni kadhaa, na shirika hilo liliungana na jingine mwaka wa 2007 kuunda Wakfu wa Linux. Hekima ya mpangilio huo ni kwamba msimamizi mkuu hulipwa na wote kwa pamoja, hivyo hakuna tajiri mmoja anayeweza kumwagiza la kufanya.

Wakfu huo hupata pesa kwa ada za uanachama. Kampuni za daraja la juu zimekuwa zikilipa dola 500,000 kwa mwaka na kupata kiti katika bodi. Wakfu wa Apache, ulioundwa mwaka wa 1999, ulichagua njia tofauti kabisa. Huko wanachama ni watu binafsi. Kampuni inaweza kufadhili, lakini haiwezi kununua kura, nao wakfu hauwalipi watu kuandika msimbo. Kila njia ina ubora na udhaifu wake.

Miongoni mwa waliojiunga na daraja hilo la juu la Wakfu wa Linux ni Microsoft, Novemba 2016. Aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, Steve Ballmer, alikuwa ameifananisha Linux na saratani mnamo mwaka wa 2001. Mwaka wa 2018 Microsoft ilinunua GitHub, ghala ambamo sehemu kubwa ya msimbo huria wa dunia huhifadhiwa, kwa dola bilioni 7.5. Wanaofuatilia siasa za Kenya hawatashangazwa sana na mgeuko wa namna hiyo. Lakini sababu haikuwa toba. Microsoft ilikuwa imeanza kukodisha seva kupitia intaneti, na wateja wake walitaka seva za Linux.

Msaada mwingine ni wa kisheria. Mnamo Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM kwa madai kwamba msimbo wake uliingizwa katika Linux kinyume cha sheria. Watumiaji walianza kuingiwa na hofu kwamba nao wangeburutwa mahakamani. Shirika la OSDL lilijibu mwaka wa 2004 kwa kuanzisha hazina ya dola milioni 10 ya kuwatetea, na Januari 2005 IBM iliahidi kutotumia hataza zake 500 dhidi ya programu huria. Mwishoni mwa mwaka huo IBM, Novell, Philips, Red Hat na Sony ziliunda kampuni ya kukusanya hataza kama ngao ya pamoja. Kesi ya SCO ilijikokota hadi ilipomalizwa kwa maafikiano mwaka wa 2021. Mwanafunzi wa Helsinki, hata angekuwa na marafiki elfu moja wa kujitolea, asingeweza kugharimia mawakili kwa miaka 18.

Kuna pia misaada midogo yenye matokeo makubwa. Tangu mwaka wa 2005 Google imekuwa na mpango wa kuwalipa chipukizi posho ili wafanye kazi kwa miezi michache katika mradi wowote huria ulioidhinishwa, wakiongozwa na wenyeji wa mradi huo. Waliopitia mpango huo wamezidi 20,000.

Mmoja wa miradi iliyonufaika ni OpenMRS, mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa, ambao mizizi yake iko Eldoret. Mwaka wa 2004 wataalamu kutoka Indiana, Marekani, walifika huko na kukuta mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wenye virusi vya Ukimwi ukizidiwa na wingi wa wagonjwa na makaratasi. Mfumo huo ulianza kutumiwa Eldoret mwaka wa 2006. Mwaka uliofuata OpenMRS iliingia katika mpango wa Google, na baadaye ulijengwa juu yake mfumo wa KenyaEMR unaotumiwa katika vituo vya afya vya umma nchini. Google haikujenga mfumo wa Eldoret, wala haidai hivyo. Ililipa posho za vijana, na baadhi ya vijana hao huishia kuwa walezi wa mradi.

Mmiliki anapobadilika

Msaada wa kampuni, hata hivyo, una pande mbili. OpenMRS iliandikwa kwa lugha ya Java na kuhifadhi kumbukumbu zake katika hifadhidata ya MySQL. Java ilikuwa mali ya kampuni ya Sun Microsystems. MySQL ilizaliwa Sweden, na Sun iliinunua mwaka wa 2008 kwa dola bilioni moja. Januari 2010 Sun yenyewe ilimezwa na Oracle, kampuni ambayo utajiri wake ulitokana na hifadhidata za kuuzwa. Kwa kipindi kisichozidi miaka miwili, msingi ambao hospitali, vyuo na biashara ndogo za nchi nyingi ziliusimamia ulikuwa umebadilisha mwenyewe mara mbili, bila hata mmoja wa watumiaji kuulizwa.

Mwasisi wa MySQL, Michael Widenius, hakusubiri. Mwaka wa 2009 alichukua nakala ya msimbo, kama leseni ilivyomruhusu, na kuanzisha tawi jipya liitwalo MariaDB.

Kisa cha OpenOffice kinawagusa wazungumzaji wa Kiswahili kwa karibu zaidi. Sun iliinunua kampuni ya Kijerumani ya StarDivision mwaka wa 1999 na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wa programu zake za ofisini, ikinuia kumpunguzia Microsoft ubabe. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kiliweza kuutafsiri bila kumpigia mtu magoti, na Desemba 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, ya kuandikia barua na kupangia hesabu kwa Kiswahili. Kazi yote ya watafsiri hao ilikaa juu ya mgongo wa Sun, iliyowalipa wahandisi wengi wa programu hiyo.

Oracle ilipoichukua Sun, wachangiaji wa OpenOffice walihofia mustakabali wake. Septemba 2010 walijitenga, wakaunda wakfu wao na kuiita programu yao LibreOffice. Mwaka wa 2011 Oracle iliachana na OpenOffice na kuikabidhi kwa Wakfu wa Apache. Lakini wahandisi walikuwa wamekwisha kuondoka. LibreOffice iliendelea kukua kwa msaada wa kampuni kadhaa zinazowaajiri waundaji wake na kuwauzia wateja huduma, ilhali ile ya awali ilibaki ikijikongoja.

Visa hivyo viwili vinaonyesha nguvu halisi ya leseni huria: tajiri anaweza kuondoka na jina, nembo na ofisi, lakini hawezi kuondoka na msimbo uliokwisha kutolewa. Vinaonyesha pia kwamba msimbo peke yake hautoshi. Uhai wa programu uko katika watu wanaoielewa, na watu hufuata mshahara.

Kwa sababu hiyo, mradi unaotegemea mfuko mmoja huwa mashakani daima. Kivinjari cha Firefox ni cha wakfu usiolenga faida, uliosimama mwaka wa 2003 kwa msaada wa dola milioni 2 kutoka kwa AOL. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mapato yake imetoka kwa Google, inayolipa ili mtambo wake wa kutafuta habari uwe ndio wa kwanza kuonekana humo. Mahakama ya Marekani ilipoamua Agosti 2024 kwamba Google ilikuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, watu wa Firefox walikuwa miongoni mwa walioingiwa na wasiwasi, kwani adhabu dhidi ya Google ingeweza kuikata riziki yao. Hukumu ya Septemba 2025 haikuyapiga marufuku malipo hayo. Lakini ni ajabu ya aina yake kwamba mshindani wa kivinjari cha Google huishi kwa pesa za Google.

Katika miaka ya karibuni umezuka ugomvi wa namna nyingine. Kampuni za wastani zilizoasisi programu huria zinalalamika kwamba vigogo wanaokodisha seva, hasa Amazon, huzichukua programu hizo na kuziuza kama huduma bila kurudisha kitu cha maana. Elastic ilibadilisha leseni yake mwaka wa 2021 ili kuzuia jambo hilo, HashiCorp ikafuata mwaka wa 2023 na Redis mwaka wa 2024. Kila mara matokeo yalifanana: nakala ya mwisho iliyokuwa huria ilichukuliwa na tawi likaanzishwa. Redis ilipofunga mlango, Amazon, Google na Oracle ziliunga mkono tawi liitwalo Valkey chini ya Wakfu wa Linux. Elastic na Redis zilirejea kwenye leseni huria baadaye. Lawama ziko pande zote mbili, na si haki kumtetea kigogo kwa sababu tu anaupeperusha uhuru wa msimbo.

Kasoro katika kufuli

Doa kubwa katika mpango huu wote halimo katika miradi mashuhuri. Limo katika ile midogo isiyojulikana. Kampuni hulipia kile inachokiona, nayo macho yake huona kile kinachogusa mauzo yake. Chini ya Linux na vivinjari kuna maelfu ya programu ndogo zinazotumiwa na kila mtu, na kwa sababu zinatumiwa na kila mtu, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayezitunza.

OpenSSL ilikuwa mojawapo. Ni programu inayozifunga kwa fumbo siri zinazosafiri kwenye intaneti, kama vile nywila na nambari za kadi za benki. Aprili 2014 ilitangazwa kwamba ilikuwa na kasoro, iliyopewa jina la Heartbleed, iliyomwezesha mwizi kuchota kumbukumbu za seva bila kuacha alama. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo tangu mwaka wa 2012. Nchini Canada, wezi waliitumia kuiba nambari za utambulisho za walipa kodi takriban 900.

Watu walipouliza nani mwenye kufuli hilo lililolinda sehemu kubwa ya biashara ya intaneti, walikuta mradi uliokuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu, na uliokuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kisingelipa hata mshahara wa mwezi mmoja wa mhandisi katika kampuni zilizoitegemea.

Fedheha hiyo ilizaa matunda upesi. Mwezi huohuo, Amazon, Cisco, Facebook, Google, IBM, Intel, Microsoft na nyinginezo ziliahidi kila moja dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, zikipitia Wakfu wa Linux. OpenSSL ikapata fedha za kuwalipa waundaji wawili wa kudumu. Kwa kampuni za ukubwa huo, dola 100,000 ni pesa za chai. Kilichokosekana miaka yote hakikuwa fedha bali mtu wa kuzielekeza mahali pafaapo.

Hata baada ya funzo hilo, Desemba 2021 dunia ilishtuliwa tena na kasoro katika Log4j, programu ndogo ya kuandika kumbukumbu za matukio, iliyo chini ya Wakfu wa Apache na kutunzwa na watu wa kujitolea. Ilikuwa imejificha ndani ya mifumo mingi mno ya biashara na serikali, kiasi kwamba wenye mifumo hawakujua ilikuwa wapi. Walezi wake walikesha usiku kucha wakiirekebisha huku wakilaumiwa na watu ambao hawakuwa wamewahi kuwalipa chochote. Mwezi uliofuata Ikulu ya Marekani iliziita kampuni kubwa kujadili usalama wa programu huria.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao walijaribu kukadiria thamani ya rasilmali hii katika utafiti wa mwaka wa 2024. Walisema kwamba kuziandika upya mara moja programu huria zinazotumiwa sana kungegharimu takriban dola bilioni 4. Lakini kama kila kampuni ingelazimika kujiandikia zake, gharama ingefikia dola trilioni 8.8. Walisema pia kwamba asilimia 96 ya thamani hiyo imetokana na asilimia 5 tu ya waundaji. Ukitafakari takwimu hizo, utaona kwamba mzigo mkubwa umekalia mabega machache sana.

Mwaka huohuo wa 2024 ulidhihirisha jinsi bega moja linavyoweza kuvunjika. XZ Utils ni programu ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo, na imo katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja nchini Finland. Mwaka wa 2022 watu waliojificha nyuma ya majina bandia walianza kumsonga kwa malalamiko kwamba anachelewa, naye akawaeleza kwamba hiyo ni kazi asiyolipwa. Papo hapo alikuwapo msaidizi mpole aliyejiita Jia Tan, tayari kumpunguzia mzigo. Mtunzaji alimwamini, akampa funguo. Baada ya zaidi ya miaka miwili ya kazi iliyoonekana kuwa njema, msaidizi huyo alipenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika seva za watu duniani kote. Hadi leo haijajulikana hadharani alikuwa nani.

Aliyemfichua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye kazi yake ni kuiendeleza PostgreSQL, hifadhidata huria isiyomilikiwa na Microsoft. Alipokuwa akiipima, aliona kwamba kuingia katika seva kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alikuwa na ujuzi wa kuutilia shaka ucheleweshaji huo, na mshahara uliomruhusu kuufuatilia hadi mwisho wake. Mnamo Machi 29, 2024 aliutangazia ulimwengu alichokiona, kabla mlango huo haujaenea katika seva zinazotegemewa kibiashara.

Yule mtunzaji wa Finland alirudi kazini kuisafisha programu yake, mstari kwa mstari. Mnamo Mei 29 alitoa toleo jipya lisilo na mlango wa siri.